Kishimo cha Shavuni

Nchi ninayoisimulia siwezi kuitaja jina, maana kila jina tulilowahi kuipa lilibadilishwa kabla rangi ya vibao haijakauka. Mji wetu naweza kuutaja. Zamani uliitwa Kaukau, kwa sababu ulikuwa mkavu. Baadaye ukaja waraka kutoka juu kwamba jina hilo linawavunja moyo wawekezaji, na tangu siku hiyo tunaitwa Neema. Mvua haikupelekewa nakala ya waraka ule.

Mimi naziba pancha. Kibanda changu kipo pale lami inapoishia na mchanga unapoanza, ng'ambo ya Shule ya Msingi Neema. Mwenyewe shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo baadhi ya mambo nitakayosema huenda sikuyaelewa vizuri. Nasema nilichokiona na nilichoambiwa, basi.

Shule ile ina majengo mawili. La zamani liliezuliwa na upepo, likabaki kuta. Wanafunzi wanasomea kwenye kivuli cha ukuta, na kivuli kikihama nao wanahama na madaftari yao, asubuhi upande wa machweo, alasiri upande wa mawio. Katikati ya mchana, kivuli kinapokwisha, elimu nayo inapumzika. Jengo la pili ni la ghorofa, lina vioo, mbao za kuandikia na bomba la maji. Lilikamilika kabla binti yangu hajazaliwa. Halitumiki, kwa sababu mgeni rasmi hajapata nafasi ya kuja kukata utepe. Utepe unapauka kwa jua, wanafunga mwingine. Kwetu hilo halimshangazi mtu. Jengo ambalo halijafunguliwa rasmi halipo, hata ukilipiga teke ukavunjika kidole.

Binti yangu anaitwa Mwajabu. Ndiye mtoto wetu pekee, mimi na Chiku, mke wangu. Wakati mambo haya yanaanza alikuwa darasa la saba, mrefu, mbishi, anayetaka kufaulu aende sekondari kule mtoni. Jioni alikuwa anakuja kibandani, anakaa juu ya tairi la lori, ananitahini.

"Saba mara nane, baba."

"Hamsini na nne."

"Hamsini na sita. Kila siku hamsini na nne. Nikifaulu nikaondoka, nani atakuwa anakusahihisha?"

"Mama yako."

"Mama anasema sitini. Angalau wewe unakaribia."

Nilikuwa najua jibu. Nilikuwa napenda anavyocheka.

*

Mpango ulikuja na magari meupe. Jina lake lilikuwa refu kuliko bango lenyewe, ikabidi maneno ya mwisho yaandikwe kwa nyuma: Mpango wa Taifa wa Kuwajengea Vijana wa Maeneo Kame Uwezo wa Kusimama. Aliyeuleta alikuwa Dokta Nyangasa, Kamishna wa Vijana, mtu mnene mwenye sauti laini. Wazazi tuliitwa shuleni. Viti vilikuwa vya wageni, sisi na watoto tukasimama juani, na nyuma ya Kamishna akasimama mtu wa kumshikia mwavuli.

"Ndugu wadau," akasema, "vijana wetu wana changamoto ya kukaa. Wanakaa darasani. Wanakaa nyumbani. Wanakaa vijiweni. Tumefanya utafiti katika nchi nyingi zenye hoteli nzuri, na hatukuona taifa hata moja lililoendelea huku limekaa."

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Mbaruku, akapiga makofi mpaka akajikuta anapiga peke yake.

Kamishna akaeleza kwamba masomo yote yanaahirishwa, yanabaki mawili: Kusimama na Kutopepesa Macho. Mwisho wa mafunzo, katika Siku ya Kivuli, watoto wa mji mzima watafanya halaiki kwenye uwanda ulio nje ya mji. Watajipanga wawe uso wa Mtukufu Rais. Rais wetu cheo chake ni Kivuli cha Taifa, maana katika nchi ya jua kali hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Uso huo utakuwa mkubwa hata usionekane kutoka chini, utaonekana kutoka kwenye helikopta tu.

Nikanyoosha mkono. "Mheshimiwa, na mtihani wa darasa la saba?"

"Swali zuri sana la mzazi," akasema. "Mtihani upo palepale. Atakayesimama mpaka mwisho amefaulu."

"Na atakayeanguka?"

Kamishna akatabasamu kama mtu aliyeulizwa na mtoto. "Hakuna atakayeanguka, ndugu yangu. Mpango haukuweka kipengele cha kuanguka."

*

Mazoezi yakaanza. Kila mtoto alipewa kitambaa kikubwa, upande mmoja cheusi, upande wa pili rangi ya mchanga. Filimbi ikilia mara ya kwanza watoto wanajifunika upande wa mchanga, na mtu wa angani haoni kitu ila jangwa. Ikilia mara ya pili wanageuza, uso unachomoza mweusi kutoka ardhini. Dokta Nyangasa alisema huo ni muujiza wa kitaalamu.

Kila mtoto aliwekwa kwenye alama ya chokaa, akaacha jina lake pale. Mwajabu wangu akawa Shavu la Kushoto. Watoto wa wakubwa waliwekwa masikioni, ukingoni, karibu na turubai la wageni. Kidawa wa jirani, rafiki yake, alipewa tundu la pua, akavimba kichwa mpaka akawa haitikii salamu.

"Shavu, njoo ule," Chiku alikuwa anamtania.

"Mama, usiniite hivyo."

"Nikuiteje? Mwalimu wako leo kapita hapa, kaniuliza Shavu hajambo. Nikadhani naumwa jino."

Maji yalikatazwa uwandani, kwa sababu mtoto akinywa maji ataomba ruhusa ya kwenda kando, na uso wa Mtukufu hauombi ruhusa kwa mtu. Mara kwa mara mtoto alikuwa anakosekana jioni. Tuliambiwa kahamia kwa ndugu zake wa mbali. Nilijiuliza hawa ndugu wa mbali wametoka wapi ghafla, lakini sikuuliza kwa sauti. Mwalimu Hidaya, aliyekuwa anafundisha hesabu, alisema mbele ya Mwalimu Mkuu kwamba watoto wanaumia. Siku iliyofuata naye tukaambiwa kahamishwa. Mizigo yake ilibaki kwenye nyumba aliyopanga, na sufuria lake jikoni lilikuwa na wali.

"Tumtoe huyu mtoto," Chiku akaniambia.

"Tumpeleke wapi?"

Magari meupe yalikuwa yameegeshwa kwenye njia zote za kutokea mjini, kwa ajili ya usalama wa vijana.

*

Siku ya Kivuli ikafika. Wazazi tuliwekwa nyuma ya uzio wa waya, mbali. Kutoka chini huoni uso wala nini, unaona watoto wengi wamesimama juani. Kwa hiyo kila mtu alikuja na redio, tujue tunaangalia kitu gani.

Mtangazaji alikuwa Shomvi, sauti ya taifa, yule anayeweza kutangaza ukame mtu akadhani ni harusi. Yeye alikuwa ndani ya helikopta na mpiga picha. Mtukufu mwenyewe angeangalia picha akiwa Ikulu, palipo na kivuli cha kweli. Helikopta ilichelewa, na ilipokuja jua lilikuwa limekaa utosini. Filimbi ya kwanza, filimbi ya pili, vitambaa vikageuka.

"Ndugu wananchi," Shomvi akasema, "uso umechomoza. Naona paji la uso la hekima. Naona pua ya maamuzi. Naona mashavu ya huruma."

Hapo ndipo nilipomwona mtoto mmoja, katikati ya wengine, akienda chini polepole kama nguo inayoteleza kwenye kamba. Kitambaa chake kilimfunika, upande wa mchanga ukiwa juu. Mimi sikujua ni nani. Mama yake alijua. Alinishika mkono, kucha zikaingia.

Redio ikanyamaza. Tukasikia injini tu. Nchi nzima ilikuwa inasikiliza ile injini, na nadhani kila mtu alijiuliza Shomvi atakula wapi kesho. Kisha akakohoa.

"Ndugu wananchi," akasema, "Mtukufu anatabasamu. Kwenye shavu lake la kushoto nimeona kishimo kizuri sana."

Watu wakashangilia. Kishimo, ambacho vijana wanakiita dimpozi, Mtukufu hakuwahi kuwa nacho. Uso wake tunaujua, upo kwenye noti, kwenye vitenge, kwenye mifuko ya unga. Uso wake ni laini kama puto. Lakini kilikuwa kimekwisha kutangazwa.

Jioni malori yakarudisha watoto. Kidawa akashuka, akatuona, akaangalia pembeni. Lori la mwisho likaondoka tupu.

*

Asubuhi nilimkuta Mwalimu Mbaruku kwenye kivuli cha ukuta wake, peke yake, hana wa kumfundisha.

"Mwalimu, mwanangu yuko wapi?"

"Mwanao yupi, fundi?"

"Usinichezee. Mwajabu. Aliyeanguka."

"Fundi, hakuna mtoto aliyeanguka. Pale pana kishimo tu."

"Kishimo kimezaliwa na mke wangu?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti. "Elewa, ndugu yangu. Tukisema pale alikuwapo mtoto, tumesema Mtukufu hana kishimo. Tukisema hana kishimo, redio imesema uongo. Sasa wewe na mimi tutakuwa tumesimama wapi?"

Nikamwambia maneno ambayo hayaandikiki. Akayapokea yote huku ameinamisha kichwa, kama mtu anayenyeshewa.

Wiki hiyohiyo Dokta Nyangasa aliongea redioni, akasoma sheria mpya, fupi kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. "Picha haikosei," alisoma. "Picha ya wananchi na uso wa Mtukufu vikitofautiana, uso ndio utakaorekebishwa." Akaeleza kuwa hii ndiyo demokrasia ya hali ya juu, hakuna mwenzetu aliyeifikia. Daktari bingwa wa Ikulu akamfanyia Mtukufu upasuaji, na Mtukufu akatokea hadharani ana kishimo shavu la kushoto, kirefu kidogo kuliko ilivyotakiwa, lakini kishimo.

Baada ya hapo kila mkubwa akakitaka. Mawaziri walipasuliwa kwa zamu. Wakuu wa wilaya walitengenezewa na madaktari wa wilaya, wengine mashavu yakaoza. Mwalimu Mbaruku, ambaye cheo chake hakifiki hospitali, alijizoeza kuuma shavu kwa ndani. Ukimsalimia anaitika akiwa ameuma, na ukikaa naye sana unaona damu kwenye meno.

*

Siku moja gari la Kamishna lilipata pancha mbele ya kibanda changu. Dokta Nyangasa akashuka, ana plasta shavuni, akakaa juu ya tairi la lori, palepale alipokuwa anakaa Mwajabu. Nikapiga jeki.

"Wewe ndiye unayezungukazunguka ofisini kwangu," akasema.

"Ndiyo. Namtafuta binti yangu."

"Una binti mwingine?"

"Ninaye huyo mmoja tu."

"Basi huna binti," akasema kwa upole, kama daktari. "Ukilizoea hilo utaona maisha yanakuwa mepesi. Wapo waliolizoea, hata watoto wenyewe. Wengine hawakulizoea, na sasa majirani zao wanazoea kutokuwa nao."

Mwiba ulikuwa umeingia ndani. Nikautoa kwa koleo, nikamwonyesha.

"Nifanye kazi nzuri au ya haraka, mheshimiwa?"

"Nzuri. Njia ni mbaya."

Nikamwekea kiraka kizuri. Ningeweza kufanya vinginevyo. Lakini kichwani nilikuwa na neno lake moja: wapo. Mtu hawezi kusema wapo kama hajawaona.

Nilianza kulitazama lile jengo la ghorofa. Kabla ya mazoezi kuanza halikuwa na mlinzi. Sasa alikuwapo, kijana wa bunduki aliyenitaka nikae mbali na utepe.

"Unalinda nini?" nikamuuliza.

"Jengo."

"Ndani kuna nani?"

"Jengo halijafunguliwa rasmi, mzee. Ndani hakuna mtu."

"Mbona unapeleka ndoo za uji?"

Akafikiri. "Uji ni wa nani haikuandikwa," akasema.

Alipokwenda kujisaidia nilizunguka nyuma, nikaweka sikio ukutani. Ukuta ulikuwa wa moto. Kwanza sikusikia kitu. Halafu nikasikia sauti ya mwanamke, na baada yake sauti za watoto wengi kwa pamoja, chinichini, kama nyuki ndani ya mzinga. Walikuwa wanasema jedwali la kuzidisha. Nikasubiri mpaka walipofika la saba.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Chiku. Alifunika mdomo kwa khanga akalia bila sauti. Kisha akasema, "Kumbe ndio pekee wanaosoma katika nchi hii."

*

Mwaka ulizunguka. Mtukufu alinenepa, picha nayo ikabidi inenepe, na watoto wa Neema hawakutosha. Walikusanya hata wale wa vijiji vya wachunga ngamia, bado shingo ilikuwa na mapengo. Hapo akili ya serikali ikafanya kazi.

Gari jeupe lilisimama kibandani. Akashuka mama mmoja wa ofisi ya Kamishna, na nyuma yake akashuka mtoto aliyenyolewa kipara, mwembamba, ngozi imepauka kama ya mtu asiyeliona jua.

"Fundi, hongera," yule mama akasema. "Huyu ni mpwa wako kutoka mkoa wa mbali. Anaitwa Riziki. Umempokea?"

"Nimempokea."

"Riziki, msalimie."

"Shikamoo, mjomba," akasema Mwajabu.

"Marahaba."

Yule mama alitutazama mmoja mmoja, aone kama kuna anayelia. Hakuona, akaridhika, akapanda gari. Tulipobaki wawili nilitaka kumshika. Mwajabu akarudi nyuma hatua, akanionyesha kwa macho gari lile, lilikuwa bado halijafika mbali.

Hata nyumbani aliendelea kuniita mjomba, na mama yake akamwita mke wa mjomba. Wengine waliotolewa walikuwa wamefanya hivyohivyo, kwa maana mmoja alisahau siku ya kwanza akaita "mama" mbele ya watu, na gari likarudi kumchukua. Chiku alikuwa anampikia, anamkanda miguu, anaitika jina lisilo lake, halafu anakwenda nyuma ya nyumba na kukaa huko.

"Mlikuwa wengi mle ndani?" nilimuuliza.

"Wengi, mjomba. Wote walioanguka kwenye mazoezi walikuwamo. Hao hawakuonekana, palipoanguka mtu paliwekwa mwingine upesi. Mimi ndiye niliyeanguka redioni."

"Mlikuwa mnafanya nini?"

"Tunasoma. Mwalimu Hidaya alikuwa na sisi. Ubao upo, chaki zipo, bomba linatoa maji. Tumemaliza vitabu vyote."

"Na yeye katolewa?"

Akatikisa kichwa. "Watu wazima hawawezi kuwa wapwa," akasema.

Haikupita siku nyingi Dokta Nyangasa mwenyewe akaja, plasta imeondoka, kishimo kimebaki. Alimzunguka Mwajabu kama mtu anayenunua mbuzi.

"Huyu hajawahi kushiriki halaiki," akasema.

"Ameshawahi..." nikaanza.

"Ameshawahi wapi, fundi?"

Mtu aliyeanguka hakuwapo. Asiyekuwapo hakushiriki. Asiyeshiriki ni zamu yake. Hata mimi wa darasa la tano niliona hapo hakuna pa kutokea.

"Hapepesi macho," Kamishna akasema, amefurahi. "Mwekeni mboni ya jicho."

Usiku wa kuamkia sherehe hatukuongea sana. Nilitaka kumwambia ajitahidi asianguke, maana safari hii jicho la Mtukufu likipata tundu, sijui wangelitangaza vipi, na daktari angefanya nini. Sikupata namna ya kulisema. Yeye ndiye aliyesema, huku anakunja kitambaa chake.

"Usihofu, mjomba. Sitaanguka. Nitakaa."

*

Siku ya Kivuli ya pili Mtukufu alikuja mwenyewe. Tuliambiwa anataka kuuona uso wake kwa macho yake. Uzio ulizungukwa na askari, wamepewa amri ya kumpiga risasi yeyote atakayevunja uso. Kamishna alisimama chini ya turubai na Mwalimu Mbaruku pembeni yake, ameuma shavu. Katikati ya shavu la kushoto, kati ya watoto wote wale, waliacha nafasi wazi na kuizungushia kamba. Mtoto aliyekaribia kamba alichapwa.

Helikopta ikaja. Filimbi ya kwanza. Filimbi ya pili.

"Ndugu wananchi," Shomvi akasema kwenye redio zetu zote, "niko ubavuni mwa Mtukufu, na chini yetu yupo Mtukufu. Naona shingo ya ustawi. Naona midomo ya ukweli. Naona kishimo chetu. Naona macho yanayotuona sote."

Mwajabu nilikuwa nimemshika kwa macho tangu alfajiri. Alikuwa amesimama wima, uso juu. Nikamwona anageuza kitambaa chake, taratibu, upande wa mchanga juu. Akakaa chini, akajifunika, kama mtu aliyefika nyumbani.

"Macho ya Mtukufu..." Shomvi akasema, akaacha.

Aliyefuata alikuwa kwenye mdomo. Mwingine kwenye sikio. Nikatambua wale wapwa wote walivyotawanywa uso mzima, kila mmoja akakaa palepale alipowekwa. Kisha waliokuwa karibu yao, ambao hawakuwahi kuingia lile jengo, wakawatazama wenzao waliokuwa kivulini, wakatazama jua. Kidawa akageuza chake. Baada ya hapo huwezi kusema nani alifuata, ilikuwa kama upepo unapita juu ya mtama. Weusi ukaondoka, ukaja mchanga. Hapakubaki mtoto aliyesimama. Palikuwa na uwanda tu, na juu yake helikopta inazunguka.

Askari wakakoki bunduki. Mkubwa wao akainua mkono, akauacha hewani. Amri ilikuwa ampige anayevunja uso, na yeye alikuwa anatafuta uso uko wapi. Akamwomba mzazi mmoja aongeze sauti ya redio, asikie nini kimetokea.

Redio ilikuwa injini tu. Injini, injini.

"Ndugu wananchi," Shomvi akasema mwishowe, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu wa kawaida. "Naona mchanga. Ni mchanga mzuri. Umetulia."

Nikageuka kumtazama Dokta Nyangasa. Mkono mmoja alikuwa ameshika shavu, mwingine unapapasa nyuma yake, unatafuta kiti. Aliyeshika mwavuli alikuwa ameshaondoka.

Nilikata waya kwa koleo langu la kazi, nikapita. Hakuna aliyenizuia, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameambiwa anachokiona. Nyuma yangu wakapita wengine. Uwandani vitambaa vyote vilifanana, vilima vidogo vidogo vya mchanga, na chini ya kila kimoja mtoto anapumua. Sikutaka kuita jina. Sikujua niite lipi. Nikasimama mahali nilipodhani ni jichoni, nikasema kwa sauti ya kawaida:

"Saba mara nane ni hamsini na nne."

Kitambaa kilichokuwa miguuni kwangu kikatikisika.

"Hamsini na sita, baba."

*

Tulirudi nyumbani kwa miguu, sisi na wengi wengine, na Chiku hakumwachia Mwajabu mkono hata alipofungua mlango. Njiani, tulipopita kwenye jengo la ghorofa, mlinzi alikuwa bado yuko pale na bunduki yake. Wanawake walikuwa wamesimama mbele yake wamejaa barabara nzima, wanamwambia afungue, naye anawaambia mkasi wa utepe hana. Chiku alitoka nyumbani baadaye akaenda nao. Alirudi na Mwalimu Hidaya, amemshika bega, na kipande cha utepe kimenasa kwenye khanga yake.

Redio ilipiga bendi ya polisi mchana kutwa. Jua lilipozama malori ya askari yakaanza kupita barabarani, mengi, na mimi nikatoka kuangalia yanaelekea wapi. Hayakusimama kwetu. Yalikuwa yanakwenda njia ya mji mkuu, hayakuwasha taa.

Taarifa ya habari ilikuwa fupi. Msomaji hakuwa Shomvi. Hakutaja halaiki, hakutaja uwanda, hakusema Mtukufu ametua wapi. Alisema tu kwamba Kamishna wa Vijana amewakumbusha wananchi kuwa sheria za nchi zinafuatwa wakati wote, na kwamba daktari bingwa wa Ikulu, yule aliyetengeneza kile kishimo, amerudishwa kutoka likizoni na kuombwa aje na vifaa vyake vyote.

Chiku akazima redio. Mimi na yeye na Mwalimu Hidaya tukaacha kula.

"Si picha haikosei," akasema Mwajabu, akasogeza sahani akaendelea kula.